Mkufunzi Hana Budi Kutoka Jasho Lake Mwenyewe

Katika kila kambi ya jeshi na kila chuo cha polisi, siku huanza kwa sauti ya filimbi. Kabla jua halijapanda, vijana husimama mistarini wamevaa kaptura na viatu vya mpira, na mbele yao husimama mtu mmoja ambaye kwa muda wa saa nzima amekabidhiwa mioyo, mapafu na magoti yao. Huyo ndiye mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Mara nyingi cheo chake si kikubwa. Ni koplo, au sajini. Wageni wanapozuru chuo huonyeshwa gwaride na shabaha, wala hawaulizi habari zake. Hata hivyo, askari anayemfukuza mwizi usiku, au anayembeba majeruhi mabegani kuvuka bonde, anatumia akiba aliyowekewa na mkufunzi yule.

Leo nataka kuuliza swali ambalo husemwa chinichini bwaloni lakini haliandikwi. Je, mkufunzi huyu anafanya mazoezi yake mwenyewe? Sisemi mazoezi anayowaamuru wengine. Nasema yale anayoyafanya akiwa peke yake, bila kikosi nyuma yake, bila mtu wa kumhesabia wala wa kumsifu.

Rai yangu ni hii: mkufunzi aliyeacha mazoezi yake binafsi amekifunga kitabu alichokuwa akisomea. Anaweza kuendelea kufundisha kwa miaka mingi, kwani kupuliza filimbi hakuhitaji pumzi nyingi. Lakini atakuwa anafundisha kwa kukariri, na siku moja kukariri huko kutamdhuru mtoto wa mtu.

Sizungumzi kwa kubuni. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kuruta, nilipita mikononi mwa wakufunzi wawili katika chuo kimoja. Chuo hicho sitakitaja, wala wao sitawataja, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu.

Wa kwanza alikuwa sajini mwenye sifa kubwa. Ilisemekana kwamba ujanani mwake hakuna aliyempita kwa mbio katika kikosi chao, nami sina sababu ya kukanusha. Lakini sisi tulipomkuta alikuwa ameacha. Tulipokimbia yeye alitufuata kwa pikapu, amekaa kando ya dereva, mkono mmoja nje ya dirisha na filimbi mdomoni. Ratiba yake haikubadilika: kilomita zile zile, kilima kile kile, saa ile ile, iwe mvua au jua. Aliyebaki nyuma aliadhibiwa kuruka kichura kuuzunguka uwanja, mpaka sajini mwenyewe achoke kuhesabu.

Siku moja ya kiangazi mwenzetu mmoja, aliyekuwa ametoka kuugua malaria, alibaki nyuma. Akarushwa kichura mchana wa jua kali mpaka akashindwa kusimama. Kesho yake hakuweza kukunja miguu, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu. Alipoeleza, akaambiwa kuwa huo ni uvivu uliovaa nguo ya ugonjwa. Siku ya tatu alipelekwa hospitali akiwa amevimba. Hakufa, ashukuriwe Mungu. Lakini figo zake ziliharibika, na sare hakuivaa kamwe. Alirudi kwao na sanduku lake la bati, naye alikuwa ametoka nyumbani akisindikizwa na kijiji kizima.

Leo waganga wanaeleza vizuri jambo lililompata. Misuli isiyozoea kazi fulani, ikilazimishwa kulirudia tendo moja mamia ya mara, huvunjikavunjika. Mabaki yake huingia katika damu, na figo zinazojaribu kuyachuja hulemewa. Mtu aliyetoka kuugua, au aliyepungukiwa maji mwilini kwa joto, huwa katika hatari kubwa zaidi. Mkojo wa rangi ya chai kavu baada ya mazoezi makali ni kengele ya hatari, na mwenye dalili hiyo apelekwe kwa mganga siku ile ile. Kila askari anayesoma ukurasa huu na akumbuke hilo, hata kama atayasahau mengine yote.

Je, sajini yule alikuwa mtu katili? Nimelifikiri swali hilo kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba hakuwa katili. Alikuwa amesahau. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo aliyekaa garini hamjui anayepanda kilima. Mwili wake uliacha kumletea habari. Hakuwa na namna ya kujua kwamba hewa ya siku ile ilikuwa nzito, wala kwamba kifua kilichotoka kuugua huwaka moto kwenye mwinuko ambao wiki mbili kabla ulikuwa kama uwanja tambarare. Alibaki na kumbukumbu ya ujana wake, na kwa kumbukumbu hiyo akatupima.

Mkufunzi wa pili alikuwa koplo, mtu wa makamo, mwembamba, asiyesema sana. Tuliokuwa zamu za lindo za alfajiri ndio tuliojua siri yake. Saa kumi na moja kasoro, kambi yote ikiwa imelala, alitoka peke yake langoni na kukimbia gizani. Alirudi jasho likimtiririka, akanywa maji, akabadili shati, na filimbi ilipolia alikuwa amesimama mbele yetu kana kwamba ndiyo kwanza ameamka.

Polepole tuligundua kwamba alilotufundisha saa kumi na mbili alikuwa amejifunza alfajiri ile ile. Asubuhi moja alitusimamisha, akasema, "Leo hewa ni nzito. Nimepita njiani, pumzi haitoshi. Tutakwenda nusu ya masafa, na kila mtu anywe maji kabla ya kuondoka." Siku nyingine alitufundisha kupanda kilima na shanta mgongoni kwa hatua fupi, mwili umeinama kidogo tu, kisigino kikikanyaga chini kila inapowezekana. Mmoja wetu alimwuliza, "Afande, umeyasoma wapi haya?" Akajibu kwamba goti lake lilimuuma mwezi uliopita, akaanza kutafuta namna ya kupanda bila kuliumiza. Goti bovu la mkufunzi likawa somo la kikosi kizima.

Hapo ndipo nilipoanza kuyafahamu manufaa ya mazoezi binafsi kwa mwalimu wa viungo. Kwanza, humpa kipimo. Mtu anayekimbia kila siku anajua jinsi uchovu wa kawaida ulivyo na jinsi ulivyo uchovu wa hatari, kwa hiyo hawezi kumwita mgonjwa mvivu kwa urahisi, wala mvivu hawezi kumdanganya kwa urahisi. Pili, humpa maneno mapya. Mkufunzi asiyefanya mazoezi huishiwa na maneno, akabaki na matatu tu: "Haraka! Haraka! Haraka!" Anayefanya huja kila wiki na jambo alilolivumbua juu ya pumzi, au nyayo, au namna ya kutua baada ya kuruka ukuta. Tatu, humpa haki ya kuamuru. Amri ya cheo hutiiwa kwa sababu sheria imesema. Lakini amri ya mtu uliyemwona akitoka jasho hutiiwa kwa moyo.

Askari wote mnaujua mchakamchaka. Mnajua kwamba anayeongoza wimbo ndiye anayechoka kuliko wote, kwa kuwa hukimbia na kuimba kwa pamoja. Wanaoitikia hupata nafasi ya kuvuta pumzi, yeye hana. Kiongozi ambaye mazoezi yake yamelegea wimbo humkatikia kwenye mwinuko wa kwanza, na wimbo ukikatika hatua za kikosi huvurugika, kila mmoja akaanza kukimbia kwa mwendo wake. Koplo yule hakukatikiwa na wimbo hata siku moja. Sauti yake haikuwa nzuri, lakini ilifika nayo juu ya kilima, nasi tukafika nayo.

Tuuache mfano wangu mdogo, tuutazame ulio wazi kwa dunia nzima. Kipchoge Keino wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi, alikuwa askari polisi, na katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kazi yake ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo. Siku zile riadha ya Olimpiki ilikuwa ya ridhaa, na mkimbiaji hakulipwa kwa mbio zake. Mshahara wa Keino ulikuwa wa polisi. Katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 alikuwa wa tano katika mita 5,000. Mtu mwingine angeridhika na sifa hiyo, akaitumia kuwatishia makuruta hadi kustaafu kwake. Yeye alirudi mazoezini. Mwaka 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 39.6, kisha ile ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 24.2. Mwaka 1968 mjini Mexico City, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alishinda mita 1,500 akimwacha nyuma kwa takriban mita 20 Jim Ryun wa Marekani, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia.

Hebu tufikiri jinsi ilivyokuwa kwa kuruta aliyesimama mbele ya mkufunzi wa namna hiyo. Mwalimu aliyemwambia "inua magoti" alikuwa ametoka kuyainua yake mbele ya mataifa. Hakuhitaji fimbo.

Lakini katika maisha ya Keino mimi husifu zaidi jambo lililotukia baadaye. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 32, aliingia katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Munich, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo mwingi. Bingwa wa dunia akakubali kuwa mwanagenzi tena. Akashinda medali ya dhahabu. Ndani yake mna fundisho kwa wakufunzi wetu: haitoshi kurudia kila siku zoezi ulilobobea tangu ujanani. Mwalimu awe na jambo moja ambalo yeye mwenyewe bado analijifunza. Kama ni hodari wa mbio, na ajifunze kuogelea. Kama ni hodari wa kunyanyua vyuma, na ajifunze kukimbia masafa marefu. Akishindwa na kuona aibu kidogo, atakumbuka sura ya kuruta wa wiki ya kwanza, na maneno yake yatakuwa na subira.

Katika Michezo ile ile ya Munich, askari polisi mwingine wa Afrika Mashariki alishangiliwa. John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na alizikimbia katika njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Wengi wanamkumbuka kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, na ni haki yake. Wachache wanakumbuka kwamba kabla yake Akii-Bua alifundishwa viunzi na askari polisi mwenzake, Jorem Ochana, ambaye naye alikuwa mrukaji viunzi hodari. Ochana aliweka mwamba juu ya viunzi, ili kijana wake ajifunze kupita akiwa ameinamisha kichwa na mwili. Aliyejisahau na kuinuka aliugonga mwamba kwa paji la uso, na Akii-Bua alibaki na kovu lake. Sisemi kila mkufunzi aweke miamba. Nasema kwamba somo la namna hiyo halipatikani kitini. Ni la mtu aliyeviruka viunzi mwenyewe, akajua ni wapi mwili hupoteza muda.

Tangu siku hizo vazi rasmi halijaacha kutoa mabingwa. Stephen Kiprotich wa Idara ya Magereza ya Uganda alishinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei wa polisi alishinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Si kila mkufunzi atakuwa kama hao, wala haimpasi. Lakini mabingwa hao wanatukumbusha kwamba kazi ya ulinzi na mazoezi ya mtu binafsi vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Wako watakaonipinga, nami nawaheshimu. Watasema kwamba mganga hajigangi. Kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha, na kocha mzee mwenye tumbo amewahi kutoa mabingwa. Ni kweli, jambo hilo hutokea. Lakini kocha wa bingwa ana mwanafunzi mmoja au watano, tena waliokuja kwa hiari, na jioni wanaweza kumwambia "leo sijisikii vizuri". Mkufunzi wa askari ana vijana 100 mbele yake, na hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kusema hivyo. Kwa kuwa wao hawawezi kusema, lazima mwili wa mkufunzi uwasemee. Keino mwenyewe katika Olimpiki ya Mexico alikimbia akiugua maumivu ya nyongo, na katika mita 10,000 maumivu hayo yalimtoa njiani. Hilo lilikuwa shauri lake, kwa mwili wake. Mtu anayejua gharama ya shauri kama hilo hawezi kumlazimisha mwingine alilipe kwa amri.

Wengine watasema, "Mimi nina miaka 45, nitashindanaje na vijana wa miaka 20?" La hasha, hakuna anayekuambia ushindane. Nguvu za moyo na mapafu hupungua kwa kila mtu kadiri umri unavyosonga, lakini kwa anayeendelea na mazoezi hupungua polepole zaidi. Kwa upande mwingine, hata kijana akiacha kabisa, baada ya wiki mbili hivi huanza kupoteza alichokichuma. Mkufunzi mwenye umri anaweza kutembea kwa kasi na shanta, kuogelea, kupanda baiskeli, kunyoosha viungo kila alfajiri. Jambo la lazima ni kwamba mwili uendelee kumfundisha. Tena, mkufunzi wa makamo anayesema mbele ya kikosi, "Leo nami nimechoka, lakini twendeni pole pole tufike," huwainua waliokata tamaa kuliko yule anayejifanya chuma.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo inawahusu wakubwa. Wakufunzi wengi hawana muda. Akimaliza kikosi cha asubuhi hupewa cha pili, mchana hutumwa ghalani, usiku huwekwa kwenye lindo. Akipata saa moja, hulala. Kwa hiyo sitaki lawama zote zimwangukie mwenye filimbi. Wakuu wa vyuo wanaotenga muda wa kusafisha silaha hawana budi kutenga pia muda wa mkufunzi kujinoa. Bunduki isiyosafishwa hukwama siku ya haja, na kila kamanda anajua hivyo. Mkufunzi naye ni chombo cha serikali. Saa moja kwa siku iliyoandikwa katika ratiba kwa ajili ya mazoezi yake mwenyewe si upendeleo. Ni sehemu ya matayarisho ya somo, kama mwalimu wa darasani anavyotayarisha daftari lake.

Mambo mengine hayahitaji fedha wala idhini kutoka makao makuu. Mkufunzi asiamuru zoezi ambalo yeye mwenyewe hajalifanya, au hajalijaribu sehemu yake, katika wiki ile. Njia ya mbio ndefu aipite kwanza kwa miguu yake. Makuruta wapya wapewe siku 10 hadi 14 za kuuzoesha mwili joto kabla ya kupewa mbio kali za mchana. Anayeyumba, anayepayuka maneno yasiyoeleweka au anayeanguka katika jua apozwe kwa maji mengi palepale, kisha apelekwe hospitali; asicheleweshwe kwa kelele wala kwa adhabu. Na gari linalofuata kikosi liwe la kuwabeba wanaougua. Mkufunzi mahali pake ni barabarani, pamoja na wenzake.

Jeshini tunapenda kusema kwamba jasho la wakati wa amani huokoa damu wakati wa vita. Maneno hayo huwaambiwa makuruta kila siku. Nadhani yamwelekee na mkufunzi pia, maana jasho lake la alfajiri ndilo linaloiokoa damu ya wale aliokabidhiwa.

Mwenzetu yule wa sanduku la bati nilikutana naye miaka mingi baadaye sokoni, akiuza nguo. Alinikumbuka, tukasalimiana, akaniuliza habari za waliobaki kazini. Hakumlaani sajini. Aliuliza jambo moja tu: "Yule koplo aliyekuwa akikimbia gizani bado yuko?" Nilimwambia amekwisha staafu. Akatikisa kichwa, akasema laiti siku ile kikosi kingekuwa mikononi mwake.

Enyi wakufunzi wa viungo, mlio makambini na vyuoni, kesho alfajiri filimbi italia na vijana watawangojea. Kabla haijalia, tokeni kwanza ninyi wenyewe, mkaione njia.